Makasha ya mjomba: shajara ya kubandua stika na gundi yake

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimeyashusha makasha yote ya filamu kutoka darini kwa mjomba, kule Ngamiani hapa Tanga, nikayaleta kwangu Chumbageni kwa bajaji, safari mbili. Nimehesabu mara mbili: 61 ya mikanda ya VHS, 38 ya DVD, 17 ya VCD, na matatu ya bati, yale ya SteelBook, ambayo binamu yangu alimletea mjomba kutoka Uingereza. Jumla 119.

Mjomba alifungua laibrari yake ya video mwaka 1991. Aliyezaliwa juzi hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Mwenye televisheni sebuleni alikuwa na deki chini yake, na mwenye deki alimtegemea mtu kama mjomba. Jioni watoto tulitumwa na noti mkononi: "Mwambie akupe ya Amitabh, kama hakuna akupe ya karate." Baadaye zikaja VCD na DVD za Bongo Movie, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja na kasha lake, enzi za marehemu Kanumba. Halafu flashi na simu zikaimaliza biashara. Alifunga 2014. Toka hapo makasha yamekaa darini chini ya bati, kwenye joto na unyevu wa bahari, kila moja limebeba stika zake.

Na stika zenyewe si moja wala mbili. Nimeliweka mezani boksi moja la mkanda wa mapigano, nikaliangalia chini ya taa. Namba ya laibrari juu kushoto. Bei ya kukodi chini. Stika ya njano inayosema "Rudisha mkanda mwanzo". Jina la duka mgongoni. Pembeni pamezungushwa selotepu ambayo imeshakuwa rangi ya chai kavu. Pale ambapo stika ilikwisha kubanduka yenyewe, gundi imebaki kama ulimbo: imenasa vumbi, nywele, na bawa zima la kumbikumbi.

Ninachotaka ni nyuso za haya makasha zionekane tena, zile picha tulizokuwa tukizikodolea macho dirishani kabla hatujajua kusoma majina ya filamu. Na nisiharibu hata kasha moja. Mjomba ameniruhusu. "Yafanyie utakavyo, mjomba," ameniambia, "ila usinitupie."

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, dukani tumefunga. Mimi kazi yangu ni steshenari, stika nazibandika kila siku, lakini kubandua kilichokaa miaka thelathini ni elimu nyingine. Kutwa nzima nimepanga mafungu, na sikupanga kwa filamu wala kwa mwaka. Nimepanga kwa kitu ambacho stika imebandikwa juu yake, maana dawa ya fungu moja ni sumu ya fungu jingine.

Makasha ya DVD, yale meusi yanayokunjika kidogo ukiyabonyeza, ni ya polipropilini. Mengi yana alama ya pembetatu ndani yenye namba 5. Nje yana nailoni angavu, na kava la karatasi limechomekwa humo, kwa hiyo stika nyingi haziko juu ya kava lenyewe bali juu ya nailoni. Hili ndilo fungu jepesi.

Makasha ya VCD ni yale magumu yanayong'aa kama kioo, ukiyagonga kwa kucha yanalia. Hayo ni polistairini, namba 6. Hayakunjiki, yanavunjika.

VHS ziko za namna mbili. Zilizotoka Uingereza nyingi ziko kwenye kasha la plastiki lenye mlango. Zilizotoka Marekani ziko kwenye boksi la karatasi ngumu ambalo mkanda unatelezeshwa ndani. Hizo za Marekani mjomba anazikumbuka kwa usumbufu wake, kwa sababu zilikuwa za mfumo wa picha wa NTSC na deki zetu ni za PAL, mifumo isiyoelewana. Lakini kwa picha za maboksi hazina mfano. Kazi ngumu ya mradi huu iko hapo, kwenye karatasi.

Kabla ya kugusa chochote nimepiga picha kila kasha, mbele, nyuma na mgongoni, na simu sasa inalalamika imejaa. Mikanda yote nimeitoa na kuiweka chumba kingine, diski nazo nimezitoa. Hakuna mkanda wa sumaku utakaokaa karibu na moto wa drya au kimiminika chochote.

Uamuzi mmoja nimeuweka leo na sitaurudia: si kila stika ni uchafu. Baadhi ya DVD za Bongo Movie zina stempu ya kodi ya TRA, zile zilizoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013. Stempu ile inaonyesha nakala ni halali na inaonyesha ni ya wakati gani. Ukiibandua umeondoa cheti cha kuzaliwa cha lile kasha. Vilevile mikanda miwili ya Uingereza ina stika ya duara yenye namba 18. Kule sheria ya 1984 ililazimisha mikanda ya video ipitie kwenye bodi ya BBFC na kubeba daraja la umri. Hizo zinabaki. Zilizobaki zote, za mjomba na za wauza mitumba, nimezipangia kutoka.

Alhamisi, 10 Julai

Baada ya kazi nimeanza na DVD. Nimetoa kwanza kava la karatasi ndani ya nailoni. Nasisitiza hili kwa yeyote atakayejaribu: maji yakiingia kati ya nailoni na kava, kava linagandamana na nailoni na halitoki salama tena.

Stika ina vitu viwili, karatasi na gundi, na kila kimoja kina njia yake. Karatasi inalainika kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni. Nimelaza kitambaa chenye maji juu ya stika dakika kumi, karatasi ikatoka kwa kidole kama ngozi ya kitunguu. Stika za bei za siku za mwisho za duka zimetoka na gundi yake palepale. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na hizi ndizo wageni wenyewe. Stika za namba za miaka ya tisini ni wenyeji. Karatasi imeondoka, gundi imekaa.

Kwa wenyeji hao nimeazima drya kwa jirani mwenye saluni. Sekunde ishirini hadi thelathini, umbali wa kiganja kimoja, huku mkono ukitembea usisimame sehemu moja, kwa sababu nailoni ya kasha ikipata moto sana inajikunyata na haitanyooka. Gundi ikishapata joto inalegea. Halafu namna ya kuvuta: usivute stika kwenda juu. Inue kona kwa ukucha, ikunje irudi juu ya mgongo wake yenyewe, uivute karibu usawa na uso wa kasha, pole pole. Ukienda haraka karatasi inachanika na gundi inabaki yote.

Makasha kumi na moja leo. Polipropilini yenyewe haipendi gundi, na mtu unalihisi hilo mkononi.

Jumapili, 13 Julai

Nilikwenda kumsalimia mjomba, nikamkuta mkaza mjomba amekaa barazani anapasua fenesi, mikono yake inang'aa mafuta. Nikamweleza kuhusu gundi ya stika za zamani, kwamba maji na sabuni havifui dafu. Hakuniacha nimalize.

"We mwana, utomvu wa fenesi unautoa kwa maji?"

"Hapana."

"Basi."

Nimekaa pale nikamwangalia anavyofanya, na nimejifunza zaidi ya nilivyosoma kokote. Kisu kimepakwa mafuta kabla ya kugusa fenesi. Utomvu uliokwisha kushika kidoleni haupaki mafuta na kuyafuta hapo hapo. Anayapaka, anaacha, anaendelea na kazi nyingine, kisha anafikicha, na utomvu unatoka kama vidonge vidogo vyeusi. Ndipo anaosha kwa sabuni kuondoa mafuta. Kupaka, kusubiri, kufikicha, kuosha. Gundi nyingi za stika za zamani ni za asili ya mpira, na mpira ni utomvu. Haukubali maji, unakubali kilicho ndugu wa mafuta: mafuta ya nazi, mafuta ya taa, petroli.

Jioni nimepaka mafuta ya nazi kwenye makasha sita ya plastiki ya VHS. Robo saa. Gundi ya mwaka tisini na kitu, iliyokuwa ngumu kama lami kavu, ikaanza kusogea chini ya kidole. Nimeisukuma kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, si kwa kisu wala wembe, maana plastiki ikichanjwa imechanjwa. Kisha sabuni, kisha kitambaa kikavu. Uso umetoka safi, hata mng'ao wake umerudi.

Furaha ikanizidi, nikafanya kosa. Nilichukua boksi moja la karatasi, la Marekani, nikapaka mafuta ya nazi juu ya gundi kama nilivyofanya kwenye plastiki. Boksi lile lina ngozi ya vanishi juu, nikaamini itazuia. Lakini pembeni, pale boksi linapokunjwa, vanishi imepasuka miaka mingi, na mafuta yakaingia humo. Doa limeenea mbele ya macho yangu, kijivu, la kuona ndani, upana wa sarafu, kama karatasi ya maandazi. Nimeweka poda ya mtoto juu yake na karatasi ya kufyonza, nimewekea kitabu kizito. Sitegemei litoke lote. Kwenye karatasi, mafuta yanaishi.

Jumatano, 16 Julai

Doa limepungua kwa nusu na limesimama hapo.

Na leo nimepoteza kasha moja la VCD. Gundi yake haikusikia mafuta, huenda ni ya akriliki, si ya mpira, na gundi ya akriliki hulegea kwa spiriti. Spiriti ilikuwa imeniishia. Dukani jirani walikuwa na dawa ya kutoa rangi ya kucha, nikasoma chupa, nikaona asetoni, nikajua asetoni inayeyusha gundi, nikaifikiria gundi peke yake. Sikuifikiria plastiki.

Nimegusa kwa kijiti cha pamba. Sekunde mbili tatu pakawa laini chini ya pamba, pamba ikaanza kuvuta nyuzi, na nilipoinua mkono pakawa peupe kama ukungu, na mipasuko midogo ikatembea kutoka hapo hadi ukingoni. Polistairini inayeyuka kwenye asetoni. Niliijua namba 6, nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwenye fungu. Kava la ndani ni salama, na kasha tupu la namna hiyo linapatikana, kwa hiyo nitalibadilisha, lakini si kasha lile alilolishika mjomba.

Chupa nimeipeleka saluni kwa jirani, imsaidie mwenye kazi nayo.

Toka leo, hakuna kimiminika kitakachogusa uso wa kasha kabla hakijaguswa kwanza mahali pasipoonekana, chini au ndani ya ukingo, kikaachwa dakika tano.

Jumapili, 20 Julai

Machungwa. Mtu anaishi mkoa wa Tanga, Muheza iko pale, machungwa yanapita mbele ya mlango kwenye mikokoteni, na sikuwaza hata siku moja kwamba dawa iko kwenye ganda.

Nilikuwa namenya chungwa mezani huku makasha yapo mbele yangu. Ganda lilipokunjika likarusha ule mvuke wake, zile chembe ndogo unazoziona ukikaa upande wa dirisha lenye jua, na chembe zikatua kwenye gundi ya kasha la DVD. Nilipopitisha kidole, gundi ikateleza. Mafuta ya ganda la chungwa kwa sehemu kubwa ni limonini, na dawa nyingi za viwandani za kutoa gundi, zile zenye harufu ya chungwa, zinatengenezwa kwa kitu hicho hicho.

Nimefanya hivi: ganda bichi, lenye rangi ya kijani kuliko njano, nalikunja upande wa nje uelekee kwenye gundi, nalibana mara tatu nne mpaka pawe na unyevu unaong'aa. Nasubiri dakika tano. Nafikicha kwa ganda lenyewe, upande wa nje. Gundi inakunjamana, inakuwa vidonge, inafuata ganda. Kisha kitambaa chenye sabuni, maana mafuta haya nayo ni mafuta na yakiachwa yananata. Ganda moja linatosha kasha moja kubwa au mawili.

Nimelinganisha na mafuta ya nazi kwenye kasha moja, nusu kwa nusu, stika ileile. Upande wa chungwa ulikuwa tayari kwa dakika tano. Upande wa nazi ulitaka karibu ishirini na bado ulihitaji kadi. Sababu ni kwamba limonini inaingia ndani ya gundi na kuiyeyusha, wakati mafuta ya nazi ni mazito, yanailainisha taratibu kutoka juu.

Lakini tahadhari ni ileile ya asetoni: limonini inakula polistairini. Nilijaribu kwenye lile kasha la VCD lililokwisha kuharibika, pakafifia na kunata. Kwa hiyo machungwa ni ya makasha ya DVD na ya VHS ya plastiki tu. Makasha ya VCD nitayamaliza kwa maji, joto kidogo, na spiriti, ambayo nimeijaribu ukingoni na haikufanya kitu.

Leo makasha 22. Nyumba nzima inanukia.

Jumapili, 27 Julai

Wiki ya kazi nyingi, shule zinachapisha mitihani. VCD zote 16 zilizobaki zimekwisha kwa spiriti na pamba, kidogo kidogo, bila kulowesha. Kava mbili hazikutoka kiwandani. Zilichapwa kwa printa ya wino, na pembeni palipoguswa na unyevu wino umekimbia kidogo. Nimeacha hapo hapo. Kava la namna hiyo halitaki maji wala spiriti, linataka mikono mikavu.

Jumamosi, 2 Agosti

Maboksi ya karatasi. Nimeyaahirisha mwezi mzima, na leo nimekaa nayo kuanzia asubuhi, dirisha wazi, upepo wa kusi unapita chumbani, jiko limezimwa.

Kimiminika ninachotumia ni petroli ya kujazia vibiriti, kichupa kidogo. Wakusanyaji wengi wa karatasi wanaitumia kwa sababu moja: inalegeza gundi ya mpira na kisha inaruka hewani yote, haiachi mafuta nyuma wala haiviringishi karatasi kama maji. Nilijaribu kwanza kwenye mkunjo wa chini wa boksi lenye doa. Palilowa, pakakolea rangi, na baada ya dakika moja pakarudi kama palivyokuwa. Inawaka haraka kuliko mafuta ya taa, na mvuke wake unaumiza kichwa, kwa hiyo dirisha si mapambo.

Kazi yenyewe inakwenda hivi, na nitaieleza kwa stika moja kwa sababu zote zimefuata njia hiyo. Boksi namba 112, picha ya mtu ameshika bunduki mbele ya machweo. Stika ya njano iko juu ya bega lake. Nachovya kijiti cha pamba, nakipitisha ukingoni mwa stika, si juu yake, ili petroli iingie chini. Nangoja nihesabu ishirini. Ukingo unalegea kwa upana wa uzi. Natia kadi nyembamba kwenye uwazi ule, ikilala, sisukumi. Napitisha kijiti tena. Upana wa nyuzi mbili. Mtu akiingia chumbani saa hiyo ataona sifanyi kitu. Dakika sita baadaye stika imetoka nzima, na chini yake gundi imebaki kama filamu nyembamba, ya manjano, yenye mistari ya kadi.

Gundi hiyo siifikichi kwa kidole, kwa sababu kidole kina jasho na kinasukuma uchafu ndani ya karatasi. Nachukua kipande cha selotepu mpya, nakigusisha na kukiinua, nakigusisha na kukiinua. Gundi inamfuata mwenzake. Inachobakiza, naondoa kwa raba laini ya penseli, upande mmoja tu, kutoka katikati kwenda nje. Mwisho naweka poda kidogo kwa brashi na kuipangusa, isije ikanata kwenye boksi la jirani rafuni.

Bega limetoka zima. Kuna mshono wa nguo pale begani ambao sikuwahi kuuona utotoni, kwa sababu stika ilikuwa pale toka mkanda ulipofika dukani.

Ile selotepu ya rangi ya chai ni habari nyingine. Nailoni yake imetoka kirahisi kabisa, imekauka kama jani la mgomba. Lakini gundi yake imekwisha kuingia kwenye nyuzi za karatasi na kuoza humo. Imeacha utepe wa kahawia ambao petroli inaufifisha tu. Nimejaribu kwenye maboksi mawili, nimeacha. Kusugua zaidi kutatoa picha pamoja na doa. Nitaishi na utepe.

Maboksi manne kwa siku nzima. Mgongo unauma, na sijutii.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Leo ni yale matatu ya bati, na nimeyashika kwa hofu kuliko yote. Picha ya SteelBook imechapwa juu ya bati lenyewe na kufunikwa na vanishi. Hakuna kava la kutoa, hakuna nailoni. Ukiharibu umeharibu. Muuzaji mmoja wa huko Uingereza alibandika bei moja kwa moja juu ya bati, kitu ambacho kilinitia uchungu nilipokiona.

Niliwahi kusikia ushauri wa kuweka kasha kwenye friza ili gundi iwe ngumu ikatike. Huenda unafaa kwenye hewa kavu. Hapa Tanga, bati baridi likitoka kwenye friza linatoka jasho papo hapo, na maji yakikaa kwenye kingo ambako bati liko uchi, kutu inaanza. Sikujaribu.

Joto ndilo limefaa. Bati linasambaza moto upesi, kwa hiyo drya sekunde nane tu zimetosha, stika imelegea na kutoka pamoja na gundi karibu yote. Alama iliyobaki nimeitoa kwa tone moja la mafuta ya nazi kwenye kitambaa cha miwani, kisha kitambaa chenye sabuni kidogo, kisha kikavu, bila kukandamiza. Hakuna spiriti, hakuna chungwa. Yote matatu ni salama.

Jumapili, 17 Agosti

Kuna jambo limenirudisha nyuma wiki hii. Boksi namba 31 lilikaa miaka mingi kwenye dirisha la duka, jua la asubuhi likilipiga. Jua linakula nyekundu na njano kwanza, linaacha bluu, ndiyo maana picha za zamani za madirishani zote zinaonekana kama zimepigwa usiku wa mbalamwezi. Nilipobandua stika ya namba, chini yake pakatokea mstatili mdogo wa rangi yake ya asili: nyekundu ya damu, kali, katikati ya uso uliofifia. Gundi imetoka yote, hakuna kosa nililolifanya, na bado jicho haliendi kwingine ila hapo. Stika ilikuwa inalinda kipande kile.

Nilikuwa nimeliweka kando nikilifikiria, leo mjomba akaja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hujambo? Nimekuletea kitu."

Amekuja na daftari. Kubwa, la jalada gumu, kurasa zimelegea. Ni daftari la kukodisha. Tarehe, jina la mteja, barabara anayokaa, na namba ya mkanda. Jina la filamu halimo. Mjomba hakuwa na haja nalo. Namba ilimtosha, stika ilikuwa kwenye boksi.

Nimeona nguvu zimeniisha. Stika za namba nimekwisha kuzitoa karibu zote. Boksi lisilo na namba haliwezi tena kusema nani alilibeba nyumbani kwake. Kisha nikakumbuka picha za tarehe 7 Julai, nikafungua simu, na namba zote zimo, zinasomeka, hata zile zilizofifia ukikuza.

Mjomba ameshika namba 31, akaligeuza, akapitisha kidole juu ya ule mstatili mwekundu. Hakuuliza kwa nini. "Hili halikuwa linalala dukani," akasema. Tumefungua daftari. Mama mmoja wa Barabara ya 8 alilikodi Ijumaa tatu mfululizo mwaka 1993. Mjomba amecheka mpaka machozi, kwa sababu anamkumbuka, alikuwa anasema deki yake ndiyo mbovu na hajaona mwisho.

Maboksi tisa ambayo sijayagusa yatabaki na namba zake. Nitaondoa bei na stika ya njano tu. Kwa yale niliyokwisha kuyatoa, naandika namba kwa penseli ya 2B, ndani ya mkunjo wa chini kwa maboksi ya karatasi, na kwa makasha ya plastiki kwenye kipande cha karatasi nyuma ya kava. Rafu nimeihamishia ukuta wa ndani, usiopigwa na jua.

Mjomba anasoma namba kwenye picha, mimi naandika. Usiku huu tumefika 58.